Manjano Kabla ya Dhahabu

Hekaya husimuliwa hivi. Mwaka 1858 tajiri mmoja wa Scotland aliingia kwenye sarakasi mjini Brighton, pwani ya kusini ya Uingereza, akaona kundi la mbwa wa Kirusi, wakubwa, wenye manyoya mazito ya manjano iliyopauka. Akili zao zilimshangaza, akataka kununua wawili. Mwenye sarakasi akakataa: wakitoka wawili, mchezo umekufa. Basi bwana yule akatoa fedha kwa wote wanane, akawapandisha hadi kwenye milima yake huko kaskazini, na kwao akapatikana mbwa ambaye leo dunia inamwita Golden Retriever.

Dai hili lilichapishwa vitabuni, likarudiwa magazetini, na hata sasa wapo wanaolisimulia kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo. Nimelisikia mara nyingi mno kuweza kuendelea kunyamaza. Hekaya ya asili si jambo baya. Kila ukoo unayo yake. Lakini hii inafuta kazi ya miaka zaidi ya 20 ya watu waliochagua, wakapandisha, wakasubiri na kuandika, na daftari lao lipo, linasomeka.

Mbwa mwenyewe msomaji anamjua, kama si kwa kumfuga basi kwa kumwona kwenye filamu na kalenda. Kwa vipimo vya Waingereza, dume husimama sentimita 56 hadi 61 begani, jike 51 hadi 56. Fuvu ni pana, na kati ya macho pana mteremko ulio wazi unaoshuka kwenye pua nyeusi. Macho ni ya kahawia iliyokoza. Masikio yananing'inia kuanzia usawa wa macho. Mgongo umenyooka, na mkia hufuata mstari wa mgongo bila kujikunja nchani. Manyoya ni tabaka mbili: chini sufi nzito isiyopitisha maji, juu nywele zilizolala au zenye mawimbi, ambazo hurefuka na kuning'inia nyuma ya miguu ya mbele, mapajani na chini ya mkia. Kisha rangi. Kesi yote iko kwenye rangi.

Mazingira yake hayahitaji maelezo marefu. Katikati ya karne ya 19 matajiri wa Uingereza walipata bunduki za kupakia kwa nyuma, wakaanza kuangusha ndege wengi zaidi na mbali zaidi, na mbwa wa zamani wa kunusa na kuonyesha hawakutosha. Alihitajika mbwa wa kwenda kuokota ndege aliyeanguka, nchi kavu au majini, na kumleta bila kumtafuna. Mbwa wa majini waliokuja na meli za wavuvi kutoka Newfoundland walichanganywa na mbwa wa mawindo wa aina ya setter, akapatikana mbwa mwokotaji mwenye nywele za mawimbi. Alikuwa mweusi, na weusi ndio ulikuwa heshima yake. Kilebu wa manjano akizaliwa katikati ya weusi, wengi hawakumhesabu kuwa mali.

Sasa tuje kwa tajiri wa hekaya mwenyewe, Dudley Coutts Marjoribanks. Alizaliwa mwaka 1820, alikuwa mbunge wa Berwick-upon-Tweed, na mwaka 1881 akapewa cheo cha Baron Tweedmouth. Katika miaka ya 1850 alinunua Guisachan, ardhi kubwa ya misitu na mito karibu na kijiji cha Tomich, magharibi ya Inverness. Huko alijenga, alipanda miti, alifuga ng'ombe, na alifuga mbwa. Lililo muhimu kwetu ni kwamba alikuwa mtu wa kuandika. Daftari la banda lake la mbwa linaanza mwaka 1835 na kuishia 1890. Limeorodhesha mbwa wa kila namna waliopita mikononi mwake, kwa majina, pamoja na walikotoka na walikopelekwa. Ukilipitia lote humkuti Mrusi hata mmoja.

Unayemkuta ni Nous. Jina ni la Kigiriki, maana yake akili. Alizaliwa Juni 1864, wa mbegu ya Lord Chichester, na alinunuliwa Brighton. Maelezo yaliyohifadhiwa na ukoo huongeza kwamba alikuwa wa manjano peke yake katika uzao wa weusi watupu, na kwamba aliyemuuza ni mshona viatu aliyempokea kuwa malipo ya deni. Angalia neno Brighton. Mji ni uleule wa hekaya, na mnunuzi ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mshona viatu mwenye kilebu mmoja amegeuka mwenye sarakasi na mbwa wanane. Nadhani hapa ndipo mbegu ya uongo ilipoangukia udongo wa kweli.

Mke wa Nous alikuwa Belle, aliyetoka Ladykirk, kando ya mto Tweed, mpakani mwa Scotland na England. Alikuwa wa aina ambayo leo haipo tena, mbwa wa majini wa Tweed. Watu wa ukingo ule waliwafuga mbwa hawa kwa ujasiri wao kwenye maji. Walikuwa na nywele za kujisokota, na rangi yao iliitwa rangi ya ini, neno ambalo wakati ule lilibeba kila kitu kuanzia hudhurungi hadi mchanga. Mwaka 1868 Nous na Belle walipata vilebu wanne, wote wa manjano: Crocus, Cowslip, Primrose na Ada.

Ningependa tusimame kwenye majina hayo. Crocus, Cowslip na Primrose ni maua ya majira ya kuchipua, na ukiyataja matatu kwa mpigo Mwingereza haoni rangi nyingine ila manjano. Mtu aliyeona rangi hiyo ni dosari asingewaita wanawe hivyo. Wapo waandishi wanaosema manjano ya Guisachan ilikuwa bahati tu, kwamba Tweedmouth alitafuta mwokotaji mzuri na rangi ikaja yenyewe. Sikubaliani nao, na hoja yangu ni orodha hii ya maua. Crocus alipewa Edward, mwana wa Tweedmouth. Ada alikwenda kwa jamaa yake, Earl wa tano wa Ilchester. Cowslip na Primrose walibaki nyumbani, na Cowslip ndiye aliyeubeba ukoo.

Mwaka 1873 Cowslip alipandishwa na mbwa mwingine wa majini wa Tweed, naye akiitwa Tweed, akamzaa Topsy. Mwaka 1877 Topsy alipandishwa na Sambo, mwokotaji mweusi, akamzaa Zoe. Cowslip alikuwa pia amezaa na setter mwekundu, akapatikana Jack. Jack na Zoe wakapandishwa, na kwao wakatoka Gill na Nous wa pili. Mwaka 1887 Gill, wa manjano, alipandishwa na Tracer, mwokotaji mweusi wa mbegu iliyokuwa na jina kubwa mashindanoni. Wakazaliwa vilebu kumi, na wote kumi walikuwa weusi. Mmoja wao, Queenie, alirudishwa kwa Nous wa pili, na mwaka 1889 wakapatikana Prim na Rose, wa manjano. Hao ndio wa mwisho wa rangi hiyo kuandikwa daftarini.

Wanahistoria wa mbwa wameusoma mfululizo huu kama nasaba. Mimi nauona pia kama ushahidi wa aina nyingine. Leo tunajua kwamba manjano ya mbwa hawa inatokana na badiliko katika jeni iitwayo MC1R, na kwamba lazima kilebu alirithi kwa baba na kwa mama ndipo rangi ionekane. Akirithi upande mmoja tu, huwa mweusi, lakini manjano ameibeba ndani kama barua iliyofungwa. Rudi sasa kwenye daftari. Nous kuzaliwa wa manjano katikati ya weusi kunawezekana kabisa ikiwa wazazi wote wawili walikuwa wabebaji. Gill na Tracer kuzaa weusi kumi ni sawa na kusema Tracer hakuwa na manjano ya kutoa. Queenie, bintiye Gill, ni lazima awe mbebaji; kwa dume wa manjano, nusu ya watoto wake hutarajiwa kuwa wa manjano, nao Prim na Rose wakaja. Kila hatua inakubaliana na sheria ya urithi.

Na sheria hiyo hakuna aliyeijua Guisachan. Gregor Mendel alichapisha kazi yake ya njegere mwaka 1866, ikalala bila kusomwa hadi 1900, miaka kumi baada ya daftari kufungwa na sita baada ya Tweedmouth kufariki. Mwongo wa mwaka 1887 asingejua kwamba weusi kumi ndio jibu sahihi. Angeweka wa manjano wawili watatu ili kuupamba ukoo. Kwangu mimi vilebu weusi wa Tracer ni ushahidi mzito kuliko hadithi yoyote ya sarakasi.

Mwili wa mbwa nao unasomeka hivyohivyo. Mawimbi yale mgongoni, ambayo vipimo rasmi vinayaruhusu hadi leo sambamba na nywele zilizolala, ndipo ninapomwona Belle na mwokotaji wa zamani kwa pamoja. Sufi ya chini ni ya mbwa wa majini. Nywele ndefu za mapajani na mkiani zinamkumbusha setter. Na ni setter huyohuyo aliyewatia hofu waandishi wa vipimo: walipokataza wekundu na rangi ya mkangazi, walikuwa wanamfukuza mlangoni jamaa ambaye tayari alikuwa ndani ya damu. Ipo pia picha ya Guisachan inayomwonyesha Nous akiwa na mtumishi aliyesimamia mawindo. Nywele zake zina mawimbi kuliko tulivyozoea, lakini ukimpitisha leo mbele ya mtoto, atakuambia ni Golden.

Kati ya 1890 na 1908 maandishi yanakauka. Tweedmouth alifariki mwaka 1894, Guisachan ikauzwa 1905, na mbwa wakabaki mikononi mwa watumishi wa mawindo na jamaa wa ukoo. Watu hawa hawakuandika; walifuga.

Mwaka 1908 wakatokea hadharani. Aliyewapeleka kwenye maonyesho alikuwa Lewis Harcourt, wa nyumba ya Nuneham karibu na Oxford, na banda lake liliitwa Culham. Wakati huo waliwekwa katika kundi la waokotaji wa nywele zilizolala, wakitofautishwa kwa rangi tu. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine ya kulijua jina la Harcourt. Ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuanzia 1910 hadi 1915, na chini yake Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911. Port Harcourt ya Nigeria imeitwa kwa jina lake. Katika historia za mbwa anatajwa kama mfugaji mwungwana tu. Ni haki atajwe akiwa mzima, kwa sababu fedha na muda wa kufuga mbwa wazuri vilikuwa na mahali vilipotoka.

Hekaya ya Warusi ilikuwa na mlezi wake, Kanali Le Poer Trench. Alifuga mbwa wa manjano kwa jina la banda la St Hubert's, akashikilia kwamba wake ndio Warusi halisi wa Guisachan, akataka watambuliwe hivyo, na kwa muda mfupi wakapata madaraja yao wenyewe kwenye maonyesho ya Crufts. Kwa Kanali sina subira nyingi. Mbwa wa Kirusi aliowaeleza walikuwa wakubwa mno, wa kulinda kondoo milima ya Caucasus. Mlinzi wa kundi huzaliwa na tabia ya kumkabili mgeni, naye mwokotaji huzaliwa na tabia ya kukuletea kitu mkononi. Kuugeuza moyo wa mmoja uwe wa mwingine, kwa mbwa wanane na miongo michache, kungekuwa muujiza, na tena muujiza ambao Tweedmouth, aliyeandika mpaka zawadi ya kilebu mmoja, hakuuandika.

Kwa Winifred Charlesworth nina subira yote. Bila yeye huenda mbwa hawa wangemezwa na weusi. Alianza kuwafuga katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, banda lake likajulikana kama Noranby, na mwaka 1911 alikuwa katikati ya waliounda chama cha kwanza cha Golden Retriever na kuandika vipimo vya kwanza vya umbo. Mwaka 1913 Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, iliwatenga wakawa aina yao wenyewe, chini ya jina la waokotaji wa dhahabu au manjano. Mwaka 1920 neno manjano likaondolewa. Charlesworth aliyataka hayo yote na akayapigania, akiwatembeza mbwa wake mashambani na kwenye maonyesho kwa pamoja, maana hakukubali mbwa mzuri wa sura asiyeweza kazi. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1933 aliiandika hadithi ya Warusi kama ukweli. Aliamini alichoambiwa na watu waliodhaniwa kujua, na daftari wakati huo lilikuwa bado limefungwa nyumbani kwa ukoo. Sioni la kumlaumu.

Aliyelifungua daftari hilo alikuwa Elma Stonex, naye mfugaji, mwenye banda lililoitwa Dorcas. Alitilia shaka hekaya, akafuatilia ukoo wa Tweedmouth, na kupitia kwa Lady Pentland, mjukuu wa Tweedmouth, akafika kwenye maandishi yenyewe. Alifanya kazi pamoja na Earl wa sita wa Ilchester, mwanahistoria, na mwezi wa Julai 1952 makala ya Earl ikatoka katika gazeti la Country Life. Huyu Earl wa sita ni mwana wa yule wa tano aliyepewa Ada. Kwa hiyo ukweli haukuletwa na mgeni. Ulitoka katika nyumba ambamo mmoja wa vilebu wanne wa 1868 alilelewa. Stonex aliendelea miaka mingi akiunganisha majina ya daftari na mbwa wa kwanza waliosajiliwa, ili kulivuka lile pengo la kimya. Hakuwa na cheo cha chuo, na sijaona kazi safi kuliko hiyo katika historia yote ya mbwa.

Kuondolewa kwa neno manjano mwaka 1920 kulikuwa na gharama yake. Neno dhahabu lina thamani ndani yake, na likishawekwa kwenye cheti watu huanza kugombania dhahabu ipi ndiyo halisi. Vipimo vya 1911 vilitaka dhahabu iliyokolea, si nyekundu kama setter wa Ireland wala si malai. Mwaka 1936 Waingereza wakaufungua mlango: kivuli chochote cha dhahabu au malai kikakubaliwa, ila wekundu na mkangazi vikabaki nje. Wamarekani, ambao mbwa hawa waliingia rasmi katika daftari lao la nasaba katikati ya miaka ya 1920, hawakufuata. Vipimo vyao vinataka dhahabu inayong'aa, na vinasema rangi iliyopauka kupita kiasi haipendezi sawasawa na iliyokoza kupita kiasi. Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Wa Uingereza wengi wamekuwa kama samli iliyoganda, wenye mifupa mizito na vichwa vipana. Wa Marekani wamebaki kama asali, wepesi zaidi mwilini.

Hapo ndipo wauzaji walipozua jina la mbwa malai wa Kiingereza, na kulitoza bei ya juu kana kwamba ni aina nyingine, adimu na yenye afya kuliko wenzake. Hakuna aina hiyo. Ni Golden Retriever wa kivuli kimoja, kwenye ukoo uleule wa Cowslip, na jina lake ni biashara tu. Naona ndani yake hekaya ya Brighton imerudi ikiwa imevaa nguo mpya: mbwa mweupe kutoka mbali, asiyefanana na wa kawaida, anunuliwe kwa fedha nyingi.

Waliomfuga kwa kazi hawakuwahi kushughulika sana na kivuli. Mbwa wa shambani bado ni mwembamba, mfupi kidogo wa nywele, na mara nyingi amekoza rangi kuliko wa maonyesho. Ukitaka kumwona Cowslip leo, nadhani ni huko utamtafuta.

Nyumba ya Guisachan sasa ni kuta bila paa, msitu umeizunguka. Kijijini Tomich iliwekwa sanamu ya mbwa mwaka 2014. Wafugaji wamefanya desturi ya kurudi pale na mbwa wao. Mwaka 2018, miaka 150 baada ya uzao wa Nous na Belle, walihesabiwa 361 mbele ya magofu. Julai 2023 walikuwa 488. Tazama picha ya siku hiyo taratibu, mbwa mmoja baada ya mwingine. Wapo wa malai, wa ngano, wa asali, na wachache wamekoza hadi karibu na mpaka ambao vipimo havitaki uvukwe. Mweusi hakuna.